Lifti ya gereji ya nyumbani: shajara tangu tepu ya kwanza mpaka gari kupaa

Wiki ya 1

Naanza kuandika ili nisije nikasahau nilikosea wapi. Hii kitu imeanzia kwenye giaboksi. Nimeitoa na kuirudisha nikiwa nimelala chali, gari liko juu ya stendi nne, nafasi kati ya pua yangu na sampu kama sentimita 40 hivi, na siku ya kuirudisha ilinikalia kifuani nikawa naitikisa shafti iingie kwenye klachi haiingii, mkono mmoja umeganda, mwingine unapapasa bolti sakafuni, jasho limeingia machoni na siwezi kujifuta. Nilipotoka pale nikakaa kwenye ndoo kama nusu saa bila kusema na mtu. Basi, natafuta lifti.

Kichwani nilikuwa nishachagua kabla hata ya kupima kitu. Nguzo mbili, tani nne, ile yenye boriti inayopita juu kuunganisha nguzo, sakafu inabaki wazi, unasukuma trei ya oili huku na huku bila kujikwaa. Kama za gereji kubwa. Nikaanza kutafuta rangi kabisa, yani nilishafika kwenye rangi.

Jumamosi nikachukua tepu. Gereji ina urefu wa mita 6.1, upana mita 4, na dari liko mita 2.85. Hizo lifti za boriti ya juu nyingi zinataka kama mita 3.6. Nikapima tena nikidhani tepu imepinda. Haijapinda.

Wiki ya 2

Nikaita fundi wa paa nimuulize kama tunaweza kukata kenchi tuinue dari sehemu ya katikati tu. Akapanda, akachungulia na tochi, akashuka. "Bosi, huo mti wa chini unaotaka kuukata ndo unashika kuta zisifunguke. Ukikata, paa litakuja kukaa juu ya gari lako." Nikamuuliza kama hakuna njia nyingine, akasema ipo, kulijenga paa upya. Nimemlipa usumbufu wake, tumeachana vizuri.

Kwaiyo dari ndo limeanza kunichagulia. Nimekaa na karatasi nikaandika kilichobaki.

Shimo. Wengi wamenishauri nichimbe shimo tu kama la zamani, rahisi, halina motor, haliharibiki. Mi shimo silitaki na sababu yangu ni moja, mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka na kukaa chini kabisa, na chini kabisa ndo ulipo wewe na taa yako na grenda yako. Kuna maji pia, na kuna mtu kutumbukia usiku, lakini mvuke peke yake umetosha kunitoa huko.

Lifti ya mkasi ya kimo cha kati, ile inayoinua kama mita 1.2. Nzuri sana kwa breki, tairi, shokapu, na dari langu haliisumbui. Ila mwili wa mashine wenyewe unakaa katikati chini ya gari, yani palepale ninapotaka kushushia giaboksi. Nitalipia mashine alafu inizuie kazi iliyonifanya niitafute? Hapana.

Nguzo nne. Hii nilikaribia kabisa kuichukua. Unapanda na gari juu ya njia zake, uzito unagawanyika kwenye miguu minne, nyingine hata hazihitaji kufungwa sakafuni, na unaweza kuegesha gari jingine chini. Ila tairi zinabaki zimekanyaga njia, kwaiyo ukitaka kufungua breki unahitaji jeki nyingine ya kuteleza katikati ya zile njia. Na kwenye gereji ya mita 6.1 hiyo mashine inajaza chumba, pa kuweka meza ya kazi hakuna.

Alafu kuna hesabu moja ambayo sikuijua kabla na nadhani wengi hatuijui, naiandika kwa kirefu. Kwenye nguzo nne, kimo cha kuinua kinahesabiwa pale tairi inapokaa. Kwenye nguzo mbili kinahesabiwa kwenye pedi, yani pale mkono unaposhika chini ya bodi, na bodi tayari iko juu ya ardhi. Gari langu dogo lina kimo cha sentimita 146, na pedi inashika sentimita 20 kutoka chini. Kwaiyo juu ya pedi kuna gari la sentimita 126 tu. Dari 285, toa 126, toa 10 za usalama, pedi inaweza kufika 149. Kwa nguzo nne ni 285 toa 146 toa 10, unapata 129. Tofauti sentimita 20, na kwa mtu anayefanya kazi kainamisha shingo sentimita 20 ni maisha mengine. Lile gari langu lingine, la juu, la kimo cha 185, chesisi yake inashikwa kwenye 40, hapo nguzo mbili inanipa 130 na nguzo nne inanipa 90. Tisini! Hiyo si lifti, hicho ni kiti.

Basi imerudi kuwa nguzo mbili, lakini zile fupi zisizo na boriti ya juu. Waya na hozi zinapita sakafuni chini ya bati la kifuniko. Nguzo zake zina kimo cha kama mita 2.83. Dari 2.85. Nimecheka mwenyewe.

Wiki ya 3

Nimeenda kuona ya mitumba. Picha zilikuwa safi sana, na nikifika naona imepigwa rangi mpya, hapo tu moyo ukasita maana mtu anayeuza chuma cha zamani na rangi ya jana kuna kitu anafunika. Nikavua glavu nikapitisha kitambaa kwenye waya wa chuma. Kitambaa kikanasa mara tatu. Nyuzi zimeshaanza kukatika. Mkono mmoja ulikuwa na welding ya mtaani karibu na pini, donge donge, na rangi juu yake. Nikaomba aiwashe ikiwa tupu: upande wa kulia loki zinalia ka, ka, ka, upande wa kushoto kimya. Nikamwambia huku loki haishiki. Akasema, "Hiyo imeshabeba magari miaka kumi, haijawahi kumwangusha mtu." Na bati la kuonyesha uzito inaobeba halipo, limeng'olewa, matundu ya rivet yamebaki. Nikaaga.

Loki ndo kitu chenyewe kwenye hizi mashine, watu wanadhani gari linashikiliwa na oili. Oili inapandisha. Ikishapanda unashusha kidogo mpaka chuma kikae juu ya chuma, ndo unaingia chini. Hozi ikipasuka hapo, unaoga oili tu, gari halishuki. Sasa loki ya upande mmoja ikiwa imekufa unafanyaje?

Kuhusu mpya: nimewaandikia wauzaji kadhaa nikiomba cheti. Ulaya kiwango cha lifti za magari ni EN 1493, Marekani wana ANSI/ALI ALCTV. Muuzaji mmoja akanitumia kwa kujiamini cheti cha ISO 9001. Hicho kinahusu namna kiwanda kinavyoendesha kazi zake, hakisemi lolote kuhusu mashine yenyewe kama mkono wake utapinda. Nilipomwambia akaniuliza, "Kwani wewe ni mkaguzi?" Mwingine akatuma karatasi ya EN 1493 yenye namba ya modeli inayofanana na ile iliyo kwenye mwongozo. Huyo ndo tumeendelea naye.

Tani ngapi: gari zito la hapa ni tani 2.1. Tani tatu zingetosha kwa karatasi. Lakini uzito haugawanyiki sawa, injini iko mbele, ukichukulia mbele asilimia 60 basi mikono miwili ya mbele inabeba karibu kilo 630 kila mmoja na ya nyuma 420. Nimechukua tani nne, si kwa ubabe, ni kwa sababu mikono yake inanyooka mbali zaidi na inafika kwenye chesisi ya lile gari la juu bila kulazimisha.

Na nimechukua isiyo na ulinganifu, nguzo zimegeuzwa kidogo na mikono ya mbele ni mifupi kuliko ya nyuma, gari linakaa nyuma zaidi kati ya nguzo. Faida yake mlango unafunguka. Kwenye ile yenye mikono sawa unaingiza gari alafu unatoka kama paka dirishani.

Wiki ya 4

Sakafu. Hapa ndo pameumiza.

Mwongozo wa hii mashine unataka zege la milimita 150 kwenye eneo la nguzo. Mi nilikuwa na uhakika sakafu yangu ni nene, inaonekana nene. Nikachukua drili ya kugonga, biti ya 10, nikatoboa karibu na mlango. Nikaingiza waya niliokunja ncha kama ndoano, nikauvuta mpaka unase chini ya zege, nikaweka alama kwa kidole: milimita 110. Nikatoboa pale nguzo ya kushoto itakapokaa. Biti ikapenya ghafla, drili ikaniponyoka nusura nigonge uso, na vumbi lililotoka halikuwa la zege, lilikuwa mchanga mkavu. 75. Upande wa kulia 80. Na nondo hakuna hata moja.

Kwa nini isiwe tu 75 na bolti ndefu? Nimejiuliza pia. Gari la tani mbili, kila nguzo inachukua tani moja, lakini ile tani haikai juu ya nguzo, inaning'inia mbele yake kwenye mikono. Ikiwa inaning'inia sentimita 50 mbele ya ukingo wa sahani ya chini (lile bati nene ambalo nguzo inasimama juu yake), na bolti za nyuma ziko sentimita 40 nyuma ya huo ukingo, hizo bolti zinavutwa kwenda juu kwa tani moja na robo. Muda wote gari likiwa juu. Zege la 75 lililokaa juu ya mchanga linang'oka kama ukoko wa sufuria.

Tumekata. Mkanda mmoja unaopita chini ya nguzo zote mbili, upana mita 1.2, urefu mita 3.6, kina milimita 250, kama mita moja ya ujazo ya zege. Niliona watu wanakata vipande viwili vya mraba, mi nikaona mkanda mmoja nguzo zote mbili zikae kwenye jiwe moja. Vumbi la grenda liliingia mpaka kabatini, mama watoto aliniangalia tu akaendelea na shughuli zake, ile kunyamaza ilikuwa nzito kuliko maneno.

Nondo za 12 zimefungwa kwa miraba ya sentimita 20, na vipande vya nondo vimechomekwa kwenye zege la zamani kwa gundi ya epoksi ili vishikane. Kabla ya kumwaga niliweka ubao wenye matundu ya bolti za mashine, nikasogeza nondo zote zilizopita chini ya tundu, nikapiga picha tepu ikiwa kando. Hii picha imekuja kuniokoa, nitaeleza. Mchanganyiko moja kwa moja kwa mbili, saruji, mchanga, kokoto, na nilisimama juu ya vijana wasiongeze maji. Kila mtu anapenda zege laini maana linamwagika kirahisi, na kila ndoo ya ziada inapunguza nguvu.

Wiki ya 5 mpaka ya 8

Kusubiri. Magunia yenye maji na nailoni juu, siku saba za kwanza nalowesha asubuhi na jioni. Siku ya saba zege linakuwa limefika kama theluthi mbili ya nguvu yake, na ndo siku shemeji alipokuja kuniambia limeshakauka tufunge. Kukauka na kukomaa ni vitu viwili. Nikangoja 28.

Katikati hapa fundi umeme alikuja. Motor ni ya kilowati 2.2, fezi moja, volti 230, inatembea kwenye kama ampea 14 lakini inapowaka inavuta mara kadhaa zaidi kwa sekunde moja. Amevuta waya wa milimita 4 kutoka kwenye boksi kuu, peke yake, na breka ya 20 ya aina C ambayo haikurupuki kwa huo mshtuko wa kuwaka. Nilitaka nitumie soketi iliyopo. Akakataa bila kujadili.

Wiki ya 9

Mashine imefika, nguzo moja ina zaidi ya kilo 200. Tukaiingiza ndani kwa kuiviringisha juu ya mabomba, watu wanne, krini ya kutolea injini ikaanza kuinua kichwa chake. Inapanda, inapanda, imebaki kidogo isimame, kwaa. Imegonga dari.

Nguzo ni 283, dari 285, nilishahakikisha mara kumi. Sikufikiria kwamba nguzo ikiinuka inazunguka kwenye kona ya sahani, na toka kona hiyo mpaka kona ya juu ya upande wa pili ni 286. Ikishasimama inaenea. Kuisimamisha ndo haiwezekani. Shemeji akashika kichwa. Tukailaza, nikapanda na msumeno nikakata kipande cha silingi bodi kati ya kenchi mbili, palepale juu ya kila nguzo, ikapita. Matundu yapo mpaka leo, nasema ni ya kupitisha hewa.

Kutoboa: biti ileile saizi ya bolti, milimita 19, nguzo imesimama na imenyooka kwa pima maji pande zote mbili. Kwenye tundu la tatu biti ikaanza kuimba, sauti ya chuma. Nikafungua ile picha, nikaona nondo niliyoisogeza ilirudi kidogo wakati wa kumwaga, iko pembeni sentimita moja na nusu. Nikahamisha nguzo zote kwa milimita 20 kurudi nyuma badala ya kulazimisha, na yale matundu matatu ya zamani nimeyajaza epoksi. Naona ndo kitu kinachoniudhi zaidi kwenye kazi yote hii, wala hakuna anayekiona.

Vumbi ndani ya tundu lazima litoke. Brashi, pampu, brashi, pampu. Ukiacha vumbi bolti inateleza badala ya kubana, na torki renchi, ile spana inayolia ikifika nguvu uliyoipanga, itakudanganya inalia wakati hakuna kilichoshikwa. Mwongozo wangu unasema 200 Nm, zote kumi zimelia vizuri. Mkanda wangu una mteremko wa milimita 8 toka kushoto kwenda kulia, hilo ni kosa langu siku ya kumwaga, nimeweka vibati vya chuma chini ya sahani.

Wiki ya 10

Oili ya haidroliki, daraja la uzito ISO 32, lita 10. Nikawasha, ikapanda tupu, na dakika ya pili naona mstari wa oili unatembea sakafuni. Kiungo cha hozi upande wa kulia. Nilikikaza zaidi. Kikavuja zaidi. Nikakifungua, kumbe oringi, ile raba ya kuzuia kuvuja, iko mezani, nimeisahau kwenye mfuko wake wa plastiki.

Loki: kushoto inalia kwanza, kulia inafuata baadaye, tofauti kama sentimita 3, yani upande mmoja unatangulia. Nimekaza nati ya waya wa usawa, ule unaofanya pande mbili zipande pamoja, nusu mzunguko, nikapandisha, nikasikiliza, robo tena. Sasa zinalia pamoja, ka moja tu. Nimerudia kupandisha na kushusha tupu mara sita.

Na kwa kuwa hamna boriti ya juu yenye swichi ya kuzima, nimefunga limiti swichi kwenye nguzo, behewa, yani kile kipande kinachobeba mikono na kupanda kwenye nguzo, likifika 145 motor inakata. Kwa gari dogo hiyo inatosha. Kwa lile la juu haitoshi, mwisho wake ni 130, nimepiga mstari mwekundu na bado naogopa siku nitakayosahau. Swichi ya pili yenye kitufe cha kuchagua gari iko kwenye orodha.

Gari dogo ndo la kwanza. Pedi kwenye mshono wa bodi, pale penye alama za kiwanda, na mpira wenye mfereji ili mshono usipinde. Sentimita 10, nikazima. Nikashika bampa la mbele nikalitikisa, la nyuma nikalitikisa. Kimya. Nikashusha, nikasogeza mkono mmoja wa nyuma kidogo, nikarudia. Alafu mpaka juu, ka, ka, ka, ka, nikashusha likakaa kwenye loki, na mi nikabaki nje nimeegemea ukuta. Shemeji ndo aliingia chini wa kwanza. Mi niliingia baada ya dakika kumi.

Wiki ya 14

Giaboksi imetoka tena, safari hii kwa saa mbili na nusu, ikiwa juu ya jeki ya giaboksi, mi nimekaa kwenye kigoda cha magurudumu. Gari la kuvuta mbele ukitoa giaboksi pua inakuwa nyepesi na mkia unataka kushuka, kwaiyo kabla ya kufungua bolti ya mwisho niliweka stendi ndefu chini ya nyuma. Haikuguswa hata kidogo lakini ningeiweka tena.

Leo nimerudia torki kwenye bolti zote. Tisa zimelia papo hapo. Ya nyuma kulia, ile iliyo karibu na tundu la zamani, imegeuka kama robo kabla ya kulia. Nimeichora alama nyeupe kichwani mpaka kwenye sahani, na lile gari la juu halipandi mpaka nione hiyo alama mwezi ujao iko palepale.